Siku 100 za daftari la saa: shajara ya fundi cherehani wa Mtwara

Siku ya 1, tarehe 1 Oktoba

Leo nimenunua daftari na kalamu mbili, moja ya bluu na moja nyekundu. Nataka kuandika mchana wangu wote unakwenda wapi, hapa kibandani kwangu Magomeni, Mtwara mjini. Nitaandika siku 100, mpaka tarehe 8 Januari. Hapo nitakuwa nimepita msimu wa korosho na nimeingia kwenye sare za shule, na hiyo ndiyo miezi inayonitoa jasho kuliko yote.

Sababu ni mama mmoja wa Msangamkuu. Mwezi uliopita alivuka na pantoni kufuata gauni lake la kuvaa kwenye harusi ya mwanawe. Nikamwambia, "Shikamoo mama, limebaki kidogo tu, njoo kesho." Kesho yake akavuka tena. Gauni lilikuwa bado halina zipu. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi, akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akahesabu nauli iliyobaki, akalifunga tena. Kisha akasema, "Mwanangu, ungeniambia Ijumaa, ningekuja Ijumaa." Nikamalizia zipu akinitazama. Maneno yale hayajanitoka.

Mimi nafungua kibanda kabla ya saa moja asubuhi na kufunga magharibi. Sikai bure. Lakini neno "njoo kesho" nimelisema kwa watu wengi mno, na kila mara nilikuwa naliamini mwenyewe. Nataka kujua kwa nini.

Utaratibu: kwa kalamu ya bluu naandika kazi, muda niliokisia, na muda uliotumika kweli. Kwa nyekundu naandika chochote kinachoninyanyua kwenye mashine.

Siku ya 3

Jambo dogo limenisumbua. Simu inaonyesha 09:00, mimi nasema saa tatu, na kwenye daftari nimechanganya vyote viwili. Nimeamua kuandika saa zetu. Tena zinafaa zaidi kwa kazi hii, kwa sababu zinaanzia kuhesabu pale mwanga unapoanza. Nikiandika "saa tano, bado nakata", nimeshajua hapo hapo kwamba saa tano za mchana zimekwenda, zimebaki saba.

Na huku kwetu mchana hauna kusubiri. Mtwara tuko ukingoni kabisa mwa mashariki ya nchi. Saa zetu na za Kigoma ni zile zile, lakini jua linatufikia sisi kama dakika 40 kabla yao, na jioni linatukimbia mapema vivyo hivyo. Kwa anayeshona kitambaa cheusi kwa mwanga wa mlangoni, dakika 40 ni mikono miwili ya gauni.

Siku ya 9

Nimepima gauni moja tangu mteja anaingia hadi nalitundika. Gauni la kitenge, mikono mifupi, limebana kiuno, lina bitana. Kabla sijaanza niliandika kisio: saa 2. Haya ndiyo yaliyotokea:

Vipimo na kukubaliana mshono, dakika 20. Kunyoosha kitenge kwa pasi, 10. Kuchora chaki na kukata, 45. Kukata bitana, 20. Kubadili uzi wa overloki, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisichanike nyuzi, kutoka mweupe kwenda bluu, 12. Overloki yenyewe, 15. Kuunga mabega na mbavu, 35. Kuweka bitana, 40. Zipu, 25. Zipu ikakaa upande, kuifumua 15, kuirudia 20. Mikono, 30. Pindo, 15. Kukata nyuzi na pasi ya mwisho, 13.

Jumla ni dakika 315, yaani saa 5 na robo.

Nimeitazama hesabu hii jioni nzima. Ukijumlisha kuunga, bitana, mikono na pindo, unapata dakika 120 kamili, zile saa mbili nilizokisia. Kumbe kichwani mwangu "kushona gauni" ni ule muda ambao mashine inalia tu. Chaki, mkasi, pasi, uzi, hata zipu, vyote nilikuwa navipa sifuri. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaahidi watu gauni ambalo halihitaji kukatwa.

Siku ya 10

Nilimpigia mdogo wangu aliyeko chuo nikamsimulia. Akanambia jambo hili lina wataalamu wake. Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1979: mtu akipanga kazi hufikiria itakavyokwenda mambo yakinyooka, hatazami kazi kama hiyo ilimchukua muda gani safari zilizopita. Mwaka 1994 watafiti wa Kanada waliwauliza wanafunzi waliokuwa wanaandika tasnifu watamaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa makisio ulikuwa siku 33.9. Wastani wa siku zilizotumika kweli ulikuwa 55.5.

Nimefarijika kwamba si mimi peke yangu. Ila wale hawakuwa na mtu anayevuka bahari kuwafuata. Nimepata na dawa humo humo: usiulize gauni hili litachukua muda gani, uliza la mwisho lilichukua muda gani. Daftari ndilo litakalonijibu.

Siku ya 14

Nimejumlisha kalamu nyekundu ya siku 12 za kazi. Kabla ya kujumlisha niliandika pembeni ninachodhani kinanila muda kuliko vyote: watu. Wapita njia wanaosalimia, majirani wanaokaa benchini, wateja wanaokuja kuulizia tu.

Simu: saa 9. Kufumua na kurudia: saa 7. Kutafuta vitu: saa 6. Umeme kukatika: saa 5. Salamu, majirani na wote wanaokaa benchini: saa 4.

Watu wamekuwa wa mwisho. Nimerudia hesabu mara mbili. Nilikuwa karibu kuweka kitambaa mlangoni ili wasinione, kama alivyonishauri fundi mmoja. Nashukuru sikufanya hivyo. Mtu akipita akasema "Habari za kazi, fundi?" nami nikajibu bila kuinua mguu kwenye pedali, hakuna kinachopotea. Mkasi uliofunikwa na vitambaa ndio unaonimaliza.

Siku ya 17

Nimepigilia ubao ukutani. Mkasi mkubwa una msumari wake, mdogo una wake, futi ina wake, na chaki zina kikopo. Nimechora umbo la kila kitu kwa kalamu ya maka, ili nafasi ikiwa tupu ionekane. Misumari nilikuwa nayo, ubao ni mlango wa kabati bovu. Kazi ya dakika 50.

Siku ya 22

Simu. Hili ndilo gumu, kwa sababu simu ndiyo duka langu la pili. Wateja wananitumia picha za mishono, nami nazitaka. Lakini daftari linaonyesha kwamba picha moja hainichukui dakika moja. Nafungua picha, najibu, naona nyingine, natazama ya mtu mwingine, nikirudi kwenye kitambaa sikumbuki kama ile sentimita ya ushonaji nilishaiongeza au bado. Mara tatu kati ya zile nilizofumua, kosa lilianza dakika chache baada ya kushika simu. Kwa hiyo saa 9 za simu na saa 7 za kufumua ni ndugu.

Tangu leo simu inakaa kwenye droo, na sauti inalia kwa anayepiga tu. Ujumbe nasoma saa nne na saa kumi. Nimewaandikia wateja: "Wapendwa, picha zenu nazipokea. Najibu saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Jambo la haraka nipigieni." Mmoja tu ndiye aliyelalamika, na yeye nilimpigia tukaelewana.

Siku ya 30

Hili nisingeligundua bila daftari.

Nina binti ninayemfundisha kazi, ana miaka 19, mikono yake ni mizuri sana. Kuna asubuhi anachelewa mpaka saa saba, na nilikuwa nimeanza kumwona hana nia. Jana nimepanga siku zote alizochelewa, nikaona hazikutawanyika. Zimekuja siku tatu au nne mfululizo, kisha kimya, kisha tena baada ya kama wiki mbili. Nikatazama mwezi. Ni bamvua.

Nikamuuliza taratibu. Akainamisha kichwa, akasema, "Samahani dada, nakwenda pwani na mama kutafuta pweza." Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukauka mbali sana asubuhi ya saa nne au tano, miamba ikatoka nje. Kwao hiyo ni mboga na ni hela. Aliogopa kuniambia.

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Mikindani! Baba alikuwa anajua kwamba maji yanachelewa kwa karibu dakika 50 kila siku, na safari zake alizipanga hivyo, hakuna siku aliyoyagombeza maji. Ilinipasa kujua. Sasa nimeandika siku za bamvua kwenye kalenda ya ukutani mpaka Januari. Asubuhi hizo nakata peke yangu, kazi ninayoipenda ifanyike kimya. Overloki, vifungo na pasi vinamsubiri yeye mchana. Leo alikuja saa saba na nusu, anatabasamu, na kazi yake ilikuwa imepangwa mezani.

Siku ya 38

Mdogo wangu alinishauri nijaribu njia ya Mtaliano Francesco Cirillo, aliyeianza mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi. Unatega saa ya jikoni dakika 25, unafanya kazi moja bila kugeuka, unapumzika dakika 5, unarudia. Saa yake ilikuwa na umbo la nyanya, ndiyo maana njia hiyo inaitwa Pomodoro, nyanya kwa Kiitaliano.

Nimeijaribu siku sita. Kwa vifungo na kupiga pindo ni nzuri sana. Kwa kukata haifai, walau kwangu. Kengele inalia mkasi ukiwa katikati ya shingo ya gauni, na hapo ukisimama mkono unapoteza mstari. Kilichonifaa ni kile tulichonacho siku zote: azana. Baada ya adhuhuri nakula, halafu kuanzia saa saba hadi alasiri, kama saa tisa na nusu, ni kipande kimoja cha kazi ngumu. Simnyanyukii mtu isipokuwa kwa jambo zito. Kuna joto kali saa hizo na wateja ni wachache, basi kimya chake nimekifanya changu.

Siku ya 44

Malipo ya korosho yameanza kuingia. Mimi silimi, ila naujua mnada kwa mlango wangu. Korosho zinakwenda ghalani, zinauzwa mnadani, hela inaingia benki, na siku mbili baadaye watu wanateremka kutoka vijijini na vitenge vipya. Leo pekee wamekuja kumi na wanne.

Hapa ndipo nilipokuwa naharibu kila mwaka. Nilikuwa napokea wote, nachukua arbuni, nawaambia wote Jumamosi. Sasa nina hesabu. Siku ina saa 12. Nikitoa chakula, sala na kalamu nyekundu, ambayo imepungua lakini ipo, zinabaki saa 7 za kazi. Gauni la bitana linataka 5. Basi ni gauni moja la namna hiyo kwa siku na kazi ndogo ndogo mbili tatu, siyo manne.

Nilipomwambia mteja wa kumi kwamba lake litakuwa tayari baada ya siku 11, alinitazama. "Fundi, siku kumi na moja? Jirani yako kasema tatu." Moyo ulinidunda kweli. Nikamwonyesha daftari, ukurasa wenye majina na tarehe. Nikamwambia, "Kaka, ukilileta hapa ni Alhamisi hiyo saa tisa. Halitakuwa tayari kabla, na halitavuka hapo." Akaondoka na kitambaa chake. Wawili wengine wakaondoka pia. Kumi na mmoja wamebaki.

Jioni nilihesabu arbuni niliyoikosa. Iliniuma.

Siku ya 46

Mmoja wa wale watatu amerudi. Hakusema kitu, ameweka kitambaa mezani na kuuliza, "Alhamisi ile bado ipo?" Nimemwandika Jumamosi.

Siku ya 49 hadi ya 54

(Sikuandika.)

Siku ya 55

Amefariki mama mkubwa. Tulikuwa Mikindani siku zote hizo, kupika, kupokea watu, kulala chini pamoja na wenzangu. Kibanda kilifungwa. Wateja saba nilikuwa nimewaahidi tarehe, nikampa binti namba zao, awapigie mmoja mmoja siku hiyo hiyo awape tarehe mpya. Zamani ningenyamaza na kuwaacha waje wakute kufuli. Wote saba wametuma pole, wanne wamekuja msibani.

Nilipolifungua daftari leo nilitaka kuziandika siku zile sita kwa wino mwekundu. Mkono umekataa. Nimechora safu mpya na kuiita "ya watu". Humo zimeingia siku sita za msiba, na nimehamishia humo na zile saa nne za salamu za siku ya 14. Yeyote anayefundisha matumizi ya muda akiniambia hizo ni hasara, sitakubaliana naye. Mama mkubwa ndiye aliyenishikisha sindano kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka saba, kwenye baraza lake, akiwa na kazi zake nyingi tu za kufanya.

Siku ya 66

Tarehe 5 Desemba. Siku hii nilikuwa naisubiri. Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya, utafiti uliotoka mwaka 2009. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lijiendeshe lenyewe, ila kuna waliokisiwa kuhitaji 18 na wengine 254. Na waliona kwamba kuruka siku moja hakuharibu kilichokwisha kujengwa.

Kwangu, hali iko hivi. Mkasi kwenye msumari: sifikirii tena, mkono unakwenda wenyewe. Simu kwenye droo: bado nalazimisha, hasa asubuhi. Kuandika muda wa kila kazi: naandika bila kukumbushwa, na binti naye ameanza daftari lake. Kutaja tarehe ya kweli kwa mteja: kila mara bado natamani kupunguza siku mbili. Naitaja hivyo hivyo.

Siku ya 71

Mvua imeanza. Umeme ulikatika saa mbili hadi saa nane. Nimefukua pasi ya mkaa na kurudi kwenye cherehani ya miguu, na asubuhi yote tumepiga vifungo mlangoni. Nyekundu: dakika 25 tu.

Siku ya 83

Sare za shule. Mashati meupe 42, sketi za bluu 23, kaptula 19. Miaka yote nilikuwa namaliza mtoto mmoja mmoja, shati na sketi yake, kwa sababu mzazi akifika inapendeza kumpa vyote. Daftari likasema hapana: kila ukitoka kwenye shati kwenda kwenye sketi unabadili uzi wa juu, bobini ya uzi wa chini, na koni za overloki, na kwa watoto 42 hiyo ni siku nzima inayokwenda kwenye uzi.

Safari hii tumekata mashati kwanza, kitambaa tabaka nne kwa mkasi mmoja, kwa vipimo vinavyokaribiana. Jioni ya kabla yake binti alijaza bobini 15 nyeupe na 10 za bluu, akazipanga kwenye kopo la maziwa. Nimemfundisha pia kutochomoa uzi wa overloki: unaukata juu, unafunga mpya kwenye mkia wa zamani, unauvuta taratibu upite wenyewe hadi kwenye sindano. Dakika 12 za siku ya 9 zimekuwa 4.

Shati la kwanza lilichukua dakika 70. Kuanzia la kumi, dakika 48. Nimeandika 55 kama kisio la mwakani, maana mwakani nako kutakuwa na asubuhi za umeme kukatika.

Siku ya 96

Sare zote zimechukuliwa isipokuwa tatu, za watoto ambao wazazi wao bado wanatafuta salio. Nimewapelekea nyumbani, hela italetwa. Hakuna aliyerudi mara mbili kufuata sare. Mwaka jana sikuandika, lakini benchi lilikuwa linajaa watu wanaosubiri na watoto wao, nakumbuka vizuri.

Siku ya 97

Mama wa Msangamkuu amekuja.

Alileta kitenge mwezi uliopita, cha gauni la kumpeleka mjukuu darasa la kwanza. Sikutegemea angenirudia, na siku ile nilimwambia, "Mama, tarehe 5 Januari, saa nne. Kama kuna jambo nitakupigia mapema." Sikumpigia, kwa sababu hakukuwa na jambo. Lilitundikwa tangu tarehe 3, limepigwa pasi, limefunikwa kwa kipande cha shuka.

Amefika saa nne na dakika kumi, ameshika mkono wa mjukuu. Nikamsalimia, nikampa gauni, akaingia nyuma ya pazia. Nikamsikia akivuta zipu mara moja, ikapanda yote. Alipotoka alijigeuza mbele ya kioo, akagusa pindo, akamuuliza mtoto, "Bibi yako kapendeza?" Mtoto akacheka.

Akafungua fundo la khanga, akanilipa salio. Nikamwambia akae kidogo, anywe maji. Akatazama nje, jua lilipofika, akasema, "Hapana mwanangu, nikiondoka sasa hivi naiwahi pantoni."

Kalamu ya bluu: kukabidhi gauni, kisio dakika 15, kweli dakika 14.